Kulitafuta Kanisa Lililotoweka: Foundery ya Wamethodisti wa London na Funzo Lake kwa Mtafiti wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii inamfaa sana mtafiti anayetaka kueleza habari za jengo ambalo halipo tena. Jengo lililosimama hujieleza lenyewe: mtu huweza kulizunguka, kulipima na kuzisoma tarehe zilizochongwa ukutani. Jengo lililobomolewa, kwa upande mwingine, huhitaji mashahidi. Mashahidi hao ni ramani, majina ya mahali, maandishi ya watu waliolitumia, na vifaa vilivyookolewa kabla ya kuta kuanguka. Kila shahidi husema kweli kwa kiasi chake, na kila mmoja anaweza kumpotosha mtafiti asiyekuwa mwangalifu.

Makala haya yanashughulikia jengo moja la namna hiyo, yaani Foundery, iliyokuwa makao makuu ya Wamethodisti mjini London kati ya mwaka wa 1739 na 1778. Huenda msomaji akauliza: kanisa lililotoweka Uingereza lina uhusiano gani na mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya? Uhusiano upo. Mnamo mwaka wa 1862, wamishenari wa Kimethodisti walifika Ribe, katika nchi ya Wamijikenda, wakiongozwa na Johann Ludwig Krapf, mmoja wa waasisi wa uchunguzi wa Kiswahili kwa maandishi ya Kilatini. Ukoo wa kidini uliowaleta ulilelewa katika jengo hilo la London. Isitoshe, mbinu zinazotumiwa kulitafuta jengo hilo ndizo zinazohitajika kuyatafuta makanisa, misikiti, shule na vijiji vilivyofutika katika pwani yetu.

Hivyo basi, makala yataeleza kwanza jina la jengo lenyewe na asili yake; pili, namna lilivyogeuzwa kuwa nyumba ya ibada; tatu, maisha yaliyoendelea ndani yake; nne, sababu za kutoweka kwake; na tano, jinsi mahali pake panavyoweza kutambuliwa leo. Mwisho, makala yatarejea Ribe ili kuona funzo linalopatikana.

Jina na Asili ya Jengo

Mtafiti wa majina ya mahali hujua kuwa jina ni hati fupi. Neno Foundery, ambalo siku hizi Waingereza huliandika bila herufi ya e iliyo katikati, lina maana ya mahali pa kusubu madini. Mafundi huyeyusha shaba au chuma, kisha huyamimina madini hayo katika kalibu ili yapate umbo. Katika kiwanda hiki kilichosubiwa kilikuwa ni mizinga ya vita ya serikali ya mfalme. Kwa hiyo jina la nyumba hii ya ibada halikutokana na mtakatifu yeyote wala andiko lolote la dini. Lilitokana na silaha.

Kiwanda hicho kilikuwa Moorfields, eneo lililokuwa wazi kaskazini mwa kuta za mji wa kale wa London, kwenye mwinuko ulioitwa Windmill Hill, yaani kilima cha vinu vya upepo. Karibu na hapo pana Bunhill Fields, makaburi mashuhuri ya watu waliokataa kufuata Kanisa la Anglikana. Jina hilo la Bunhill hufasiriwa kuwa ni kilima cha mifupa. Mwandishi wa kale wa habari za London, John Stow, alisimulia kwamba katikati ya karne ya 16 shehena zaidi ya elfu moja za mifupa ziliondolewa katika ghala la mifupa la kanisa la St Paul's na kumwagwa katika uwanja huo, kisha takataka za mji zikarundikwa juu yake hadi pakapatikana mwinuko wa kutosha kujengea vinu. Ni dhahiri basi kwamba hata kabla ya Wamethodisti kufika, ardhi hii ilikuwa na matabaka ya historia, na kila tabaka lilikuwa limeacha jina.

Tarehe 10 Mei 1716 kiwanda kilipata msiba. Siku hiyo mizinga iliyotekwa kutoka kwa Wafaransa katika vita vya Jemadari Marlborough ilikuwa ikiyeyushwa ili isubiwe upya, na watu walikuwa wamekusanyika kutazama. Inaelezwa kwamba kalibu zilikuwa na unyevu. Madini ya moto yanapokutana na maji yaliyofungiwa, maji hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huo ukikosa njia ya kutokea huipasua kalibu kwa kishindo. Ndivyo ilivyotokea. Paa lilirushwa, kuta zikapasuka, na watu wapatao 17 wakafa. Baada ya hapo serikali ilijenga kiwanda kipya Woolwich, nje ya mji, na jengo la Moorfields likaachwa kuwa gofu.

Masimulizi ya msiba huu yana kisa kinachofaa kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi simulizi. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja fundi kutoka Uswisi, Andrew Schalch, aliuona unyevu huo mapema, akawaonya wakubwa na kuondoka, na kwamba baada ya msiba alitafutwa na kupewa kazi ya kusimamia kiwanda kipya cha Woolwich. Ni kweli kwamba Schalch alikisimamia kiwanda hicho kwa miaka mingi. Hata hivyo, watafiti wa baadaye wamekitilia shaka kisa cha onyo, kwa kuwa nafasi hiyo ya kazi ilitangazwa gazetini. Hapa tunaona tabia inayofahamika ya simulizi: tukio la kweli hutafutiwa mhusika mwenye busara ambaye hakusikilizwa. Mtafiti hapaswi kulitupa simulizi hilo, wala hapaswi kulimeza zima. Linamwambia jinsi jamii ilivyolielewa janga, hata kama halimwambii hasa lililotokea.

Kutoka Mizinga hadi Mahubiri

Kwa muda wa miaka 23 gofu hilo lilisimama bila kazi kubwa. Mwaka wa 1739 kasisi mmoja wa Kanisa la Anglikana, John Wesley, alikuwa ameanza kuhubiri viwanjani baada ya milango ya makanisa mengi kufungwa mbele yake. Wakati wa kiangazi uwanja ulitosha. Majira ya baridi yalipokaribia, palihitajika paa. Watu wawili waliokuwa hawajulikani kwake walimwomba ahubiri katika gofu la kiwanda. Alihubiri hapo Jumapili tarehe 11 Novemba 1739, na katika shajara yake alikadiria kuwa asubuhi walihudhuria watu 5,000 au 6,000, na jioni zaidi ya hapo. Bila shaka wengi wao walikuwa nje, maana jengo lenyewe baada ya kutengenezwa lilichukua watu wapatao 1,500 tu.

Hatimaye Wesley alikubali kuinunua haki ya kupanga jengo hilo kwa pauni 115, fedha alizokopeshwa, na waumini wakaahidi kuchanga shilingi chache kila mwaka ili deni lilipwe. Gharama za matengenezo ziliongezeka hadi jumla ikafikia pauni 800 hivi. Mbuyu ulianza kama mchicha: mwezi wa Julai mwaka wa 1740, Wesley alipojitenga na jumuiya ya Fetter Lane kwa sababu ya tofauti za mafundisho, waliomfuata kwenda Foundery walikuwa wanaume wapatao 25 na wanawake karibu 50. Takwimu hiyo ndogo ina uzito wake. Inaonyesha kwamba tangu mwanzo wanawake walikuwa wengi maradufu ya wanaume, jambo ambalo picha za wahubiri zilizotundikwa ukutani katika miaka iliyofuata hazingeweza kumwambia mtazamaji.

Hapa pana tahadhari moja ya kimsamiati. Wamethodisti wa wakati huo hawakuliita jengo lao kanisa. Walijiona bado ni waumini wa Kanisa la Anglikana, na kwa hiyo waliliita nyumba ya mahubiri. Mtafiti anayepekua hati za karne ya 18 akitafuta neno kanisa peke yake atapita mbele ya mlango wa Foundery bila kuuona. Msingi wa uchunguzi ni kulitafuta jambo kwa jina walilolitumia wenyewe, wala si kwa jina analolipendelea mtafiti.

Maisha Ndani ya Kuta

Je, mtu aliyeingia Foundery aliona nini? Aliona ukumbi mpana usio na mapambo, wenye mabenchi ya mbao. Wanaume waliketi upande mmoja na wanawake upande mwingine. Hapakuwa na viti vya kukodiwa na matajiri kama ilivyokuwa desturi katika makanisa mengi ya Uingereza. Wesley alisisitiza kuwa mabenchi yote yawe ya namna moja kwa maskini na kwa tajiri. Ibada ya mapema ilifanywa saa kumi na moja alfajiri, ili mfanyakazi ahudhurie kabla ya kwenda kazini.

Nyuma ya ukumbi huo palikuwa na chumba kirefu cha mikutano midogo. Upande mmoja wa chumba hicho palikuwa na shule na upande mwingine duka la vitabu. Juu yake palikuwa na vyumba vya kuishi vya Wesley. Mama yake, Susanna Wesley, aliishi humo katika miaka yake ya mwisho, akafia humo mwezi wa Julai 1742, na kuzikwa katika makaburi ya Bunhill Fields. Mkutano wa kwanza rasmi wa wahubiri wa Kimethodisti, ambao ndio chanzo cha mikutano mikuu ya kila mwaka ya dhehebu hilo, ulifanyika katika jengo hili mwezi wa Juni 1744.

Pamoja na hayo, umuhimu wa Foundery haukuwa wa mahubiri tu. Mwaka wa 1746 Wesley alianzisha hapo utoaji wa dawa bila malipo kwa maskini. Mwaka huohuo palianzishwa mfuko wa mikopo. Mtu mwenye dhiki aliweza kukopa hadi shilingi 20, akazirudisha kidogokidogo katika muda wa miezi mitatu bila riba. Baadaye kiwango hicho kilipandishwa. Mmoja wa waliofaidika ni James Lackington, fundi viatu maskini aliyekopa pauni 5 katika miaka ya 1770 ili kupanua biashara yake changa ya vitabu, na ambaye mwishowe alikuwa na duka la vitabu lililovuma London nzima. Shuleni, mwalimu Silas Told aliwafundisha watoto wapatao 60 kwa ujira wa shilingi 10 kwa wiki.

Palikuwa pia na nyumba mbili ndogo za karibu zilizopangishwa kwa ajili ya wasiojiweza. Katika maelezo aliyoyatoa mwishoni mwa miaka ya 1740, Wesley anasema kwamba humo waliishi wajane tisa, mwanamke mmoja kipofu na watoto wawili maskini, na kwamba yeye na wahubiri wake walipokuwa mjini walikula meza moja nao, chakula kilekile.

Wajane hawa tisa wanastahili kuzingatiwa. Jina la Wesley limechapishwa katika maelfu ya vitabu. Jina la Lackington linajulikana kwa sababu aliandika habari za maisha yake. Wajane, hata hivyo, wamebaki kuwa idadi. Hapo ndipo linapoonekana jambo kuu katika utafutaji wa jengo lililotoweka. Wakuu wana mahali pengine pa kukumbukwa: wana vitabu, makaburi yenye majina na picha. Wanyonge mara nyingi wana jengo hilo tu. Linapobomolewa bila kuandikiwa historia, wao ndio wanaopotea kwa mara ya pili.

Sababu za Kutoweka

Wapo wanaodhani kwamba kanisa hutoweka kwa kukosa waumini. Foundery haikutoweka kwa sababu hiyo. Ilitoweka kwa sababu ya ardhi. Wamethodisti hawakuwa wamiliki wa ardhi. Walikuwa wapangaji, na muda wa upangaji ulikuwa ukienda ukingoni. Kufikia mwezi wa Machi 1776 Wesley aliona kuwa hawangeweza kulitegemea jengo hilo kwa muda mrefu, akawakutanisha watu wake kushauriana juu ya ujenzi mpya. Jengo lenyewe lilikuwa kuukuu, lililorekebishwa juu ya gofu la mlipuko.

Kiwanja kipya kilipatikana karibu na hapo, kando ya City Road, barabara iliyofunguliwa mwaka wa 1761. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 21 Aprili 1777, na kanisa jipya likafunguliwa tarehe 1 Novemba 1778. Hilo ndilo linalojulikana kama Wesley's Chapel, ambalo lingali limesimama. Foundery ikaachwa, na baadaye ikabomolewa, na ardhi yake ikajengewa majengo mengine.

Kuhama huku kumezaa utata mmoja. Wageni wengi wanaofika City Road huamini wamesimama mahali Umethodisti wa London ulipoanzia. Wamekaribia, lakini hawajafika. Miaka 39 ya kwanza, pamoja na kifo cha Susanna Wesley, mkutano wa 1744, shule, dawa na wajane, haikupita katika jengo wanaloliona. Ilipita hatua chache kutoka hapo, mahali ambapo hakuna kuta zilizobaki.

Kupatambua Mahali Penyewe

Swali linalofuata ni hili: mahali hapo panatambuliwaje? Shahidi wa kwanza ni ramani. Ramani kubwa ya London iliyochorwa na John Rocque na kuchapishwa mwaka wa 1746, wakati Foundery ikiwa katika shughuli zake, inaonyesha Moorfields ikiwa pembezoni mwa mji, kabla ya City Road kufunguliwa. Ramani ya Richard Horwood, iliyotolewa katika miaka ya 1790, ilikusudia kuonyesha kila nyumba, na inaonyesha mji ukiwa umekwisha kuimeza sehemu hiyo. Ramani hizi mbili zikilinganishwa, mtafiti huona kosa ambalo lingeweza kumnasa. Asianze na City Road kana kwamba ilikuwapo daima, maana mwaka wa 1739 haikuwapo. Watu wa Foundery walifika kwa njia za zamani zilizopita Moorfields na kupanda Windmill Hill. Atakayelitafuta jengo la kale kwa barabara mpya atapotea.

Shahidi wa pili ni jina la mtaa, na shahidi huyu ni mjanja. Mtaa ulio mahali pa Foundery leo unaitwa Tabernacle Street. Mtu asiyejua historia angedhani kwamba jina hilo linaikumbuka nyumba ya mahubiri ya Wesley. La hasha. Linaikumbuka Tabernacle ya George Whitefield. Whitefield alikuwa rafiki wa Wesley na ndiye aliyemshawishi kuhubiri viwanjani. Baadaye walitofautiana juu ya fundisho la kuchaguliwa tangu asili, Wesley akishikilia kwamba neema ni ya watu wote. Mwaka wa 1741 wafuasi wa Whitefield walimjengea banda la mbao karibu na Foundery, na mwaka wa 1753 likajengwa la matofali mahali pake. Kwa hiyo mtaa umelihifadhi jina la jirani na mshindani, na kulisahau jina la mwenyeji. Jina la mahali ni ushahidi, ila ni lazima liulizwe: wewe ni jina la nani, na ulipewa lini?

Shahidi wa tatu ni maandishi. Shajara ya Wesley, barua, hesabu za fedha na habari za maisha za watu kama Silas Told na Lackington zinataja umbali, vyumba na majirani. Maandishi haya yakiwekwa juu ya ramani, jengo huanza kuinuka tena: hapa ukumbi, nyuma yake chumba kirefu, kando yake shule. Hivi sasa kibao cha ukumbusho kimewekwa Tabernacle Street kuonyesha mahali Foundery iliposimama. Kibao hicho ni matokeo ya uchunguzi wa namna hii. Hakikuota ukutani chenyewe.

Shahidi wa nne ni vifaa vilivyohamishwa. Ndani ya Wesley's Chapel pana chumba kidogo cha ibada kilichopewa jina la Foundery, na humo yamo baadhi ya mabenchi ya jengo lile la kale. Benchi hizo hazina mapambo, nazo zinathibitisha yale yaliyoandikwa kuhusu usawa wa viti. Kauli ya maandishi na ushahidi wa mbao vimekutana.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, yupo shahidi wa tano anayefurahisha kuliko wote. Mwaka wa 1742 Wesley alichapisha mkusanyiko wa tuni zilizokuwa zikiimbwa na waumini wake, na katika anwani ya kitabu akataja kwamba ndivyo zilivyoimbwa Foundery. Kitabu hicho kingali kinajulikana kwa jina la jengo. Kuta zimebomolewa, lakini sauti iliyokuwa ikigonga kuta hizo imehifadhiwa. Msomi wa ushairi wa Kiswahili hapati shida kulielewa jambo hili, kwa kuwa anajua kwamba bahari na mahadhi huweza kuishi muda mrefu kuliko nyumba ya malenga aliyeyatunga.

Kutoka Moorfields hadi Ribe

Baada ya kifo cha Wesley mwaka wa 1791, wafuasi wake waligawanyika mara kadhaa. Mwaka wa 1857 baadhi ya makundi yaliyojitenga yaliungana na kuunda dhehebu lililoitwa United Methodist Free Churches. Ni dhehebu hilo lililovutiwa na maandishi ya Krapf kuhusu Afrika Mashariki, likamwomba awaongoze wamishenari wake. Krapf alikuwa amefika Mombasa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1844, akampoteza mkewe mwaka huohuo, na baadaye akafungua kituo cha Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Mwaka wa 1862 alirudi na kundi jipya, na Ribe ikachaguliwa. Wengi wa kundi hilo walirejea kwao kwa sababu ya maradhi na vikwazo vinginevyo, akabaki Thomas Wakefield, ambaye mwaka uliofuata aliungana na Charles New. Mke wa Wakefield, Rebecca, alifariki Ribe mwaka wa 1873.

Historia ya vituo hivi huelezwa mara nyingi kwa majina hayo ya Wazungu. Hata hivyo, ujuzi uliowapa sifa ulitoka kwa wenyeji. Mwaka wa 1870 Wakefield alichapisha katika jarida la Royal Geographical Society makala yenye sifa kuhusu njia za misafara kutoka pwani hadi bara. Kichwa cha makala hayo chenyewe kinakiri kwamba habari nyingi zilitolewa na Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa sehemu za karibu na Gazi, Udigo. Bila kumbukumbu ya Sadi, ramani ya Wakefield ingekuwa karatasi tupu.

Vilevile, waumini wa vituo vya pwani hawakuwa wenyeji wa karibu tu. Watumwa waliotoroka mabwana zao walikimbilia katika vituo vya misheni, na suala hilo likazua uhasama mkubwa na wenye mashamba. Mwishoni mwa mwaka wa 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikubali kuwalipa fidia mabwana hao, na mwanzoni mwa mwaka wa 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya Rabai, Ribe na vinginevyo wakapata uhuru wao. Tukiikumbuka ile nyumba ya wajane tisa, tunaona kwamba tatizo ni lilelile. Tunayo idadi, tunahitaji watu.

Hapa ndipo mtafiti wa Kiswahili anapokuwa na nafasi aliyoikosa mtafiti wa Foundery. Karne mbili na nusu zimepita tangu mkutano wa mwisho wa Moorfields, na hakuna mzee wa London anayeweza kusema kuwa bibi yake alisimuliwa na aliyeketi katika mabenchi yale. Katika pwani yetu umbali ni mfupi zaidi. Wapo wajukuu na vitukuu vya watu wa misheni. Lugha yenyewe nayo imetunza mengi. Kengeleni, katika bara ya Mombasa upande wa Nyali, ni mfano bora: jina hilo lilitokana na kengele ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Abiria anayemwambia utingo kuwa atashuka Kengeleni anasoma ukurasa wa historia bila kufahamu.

Kwa upande mwingine, hatari ya pwani ni kubwa zaidi. Nyumba ya udongo na makuti haiachi msingi wa mawe wa kufukuliwa. Ikiisha kuoza, kinachobaki ni jina, kaburi, mwembe uliopandwa uani, na kumbukumbu ya mzee. Kati ya hivyo vinne, kumbukumbu ya mzee ndiyo ya kwanza kuondoka.

Kutokana na hayo, mwanafunzi anayetaka kufuatilia jengo la aina hii katika eneo lake anaweza kuufuata utaratibu uliojitokeza hapo juu. Kwanza, akusanye majina yote ya mahali hapo, ya Kiswahili na ya lugha za wenyeji, na kuuliza kila jina lilianza lini. Pili, awaulize wazee kwa kutumia maneno yao. Anayeuliza juu ya kanisa huenda akakosa jibu ambalo angelipata kwa kuuliza juu ya misheni au shule. Tatu, alinganishe masimulizi na barua na ramani za wakati husika, bila kuipa karatasi ushindi wa bure dhidi ya mdomo, wala mdomo dhidi ya karatasi. Nne, atafute vifaa vilivyohamishwa: kengele, mlango, benchi, kitabu cha nyimbo. Tano, na hili ni muhimu kuliko yote, aandike majina ya watu wa kawaida waliolitumia jengo, kabla hawajageuka kuwa idadi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Foundery, ingawa haionekani tena, inaweza kupatikana. Jina lake linaeleza kiwanda cha mizinga. Ramani zinaonyesha kilima chake. Maandishi yanaeleza vyumba vyake. Mabenchi yake yanathibitisha maandishi. Na kitabu cha tuni kimehifadhi sauti yake. Aidha, imedhihirika kwamba hakuna shahidi anayetosha peke yake, na kwamba mtaa wenyewe umebeba jina la nyumba nyingine.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Safari hii ya kwenda Moorfields na kurudi Ribe inaturejesha nyumbani tukiwa na wajibu. London ilimwandika Wesley na kuwasahau wajane tisa, na kosa hilo sasa halirekebishiki. Sisi bado tunao wa kuwauliza. Ni juu ya wanafunzi wa Kiswahili, wanaoijua lugha ambayo kumbukumbu hizo zimehifadhiwa, kuchukua daftari na kuelekea waliko wazee, wakati jibu lingali linaweza kupatikana.